Fadang, Mtapo na Hamu ya Mgonjwa

Mbegu ya fadang ina sumu, na kila mwanamke wa Guam aliyepata kushika jiwe la kusagia alilijua hilo zamani, kabla daktari yeyote hajatia mguu kisiwani kwao. Hawakuila hivihivi. Waliipasua kokwa, wakatoa kiini cheupe, wakakikatakata na kuvitia vipande majini. Maji hayo waliyamwaga na kutia mengine, siku nyingi mfululizo, mpaka walipojiridhisha kwamba ukali umetoka. Maji ya kwanza hayakuachwa mahali ambapo kuku atayafikia, maana kuku akiyanywa hufa. Vipande vilianikwa juani vikakauka kau, vikasagwa, na unga wake ukaokwa mikate bapa, ukapikwa uji, ukatiwa katika mchuzi ili uwe mzito. Kazi ilianza wiki moja au zaidi kabla ya mlo wenyewe.

Kwetu Mafia uko mti wa jamaa hiyo. Wataalamu wa mimea wanauita Cycas thouarsii, sisi twauita mtapo. Shina lake nene limejaa makovu ya makuti yaliyoanguka, na kichwani limevaa makuti magumu yanayong'aa. Mtu asiyeujua hudhani ni mnazi uliodumaa. Nilipokuwa mdogo uliingia mwaka wa njaa, mpunga ukaungua shambani kwa kukosa mvua, na bibi yangu mzaa mama akatuma vijana waende wakaokote mbegu za mtapo. Nilimwona akizipasua, akizikata, akizianika, akiziloweka mtungini, akimwaga maji na kutia mengine, huku akitukemea watoto tusisogee. Baadaye zilipondwa kinuni. Uji wake ulikuwa na uchachu wa mbali, na bibi aliutia tui zito uteleze kooni. Niliupenda. Hata njaa ilipopita na mchele ukarudi dukani, niliwahi kumwomba bibi aupike tena, naye akacheka akasema chakula cha shida hakiombwi.

Sikuukumbuka uji huo kwa miaka mingi. Nilisoma, nikafundisha historia na jiografia katika shule za sekondari bara na pwani, nikastaafu, nikahamia Dar es Salaam karibu na wanangu. Kisha nikapata ALS.

Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alianza kuueleza ugonjwa huu mwaka 1869, na mwaka 1874 akaupa lile jina refu ambalo sasa hufupishwa kwa herufi tatu. Neva zinazopeleka amri kwenye misuli, za ubongo na za uti wa mgongo, hufa kidogokidogo. Misuli isiyopata amri hunywea. Marekani wameuzoea kwa jina la Lou Gehrig, mchezaji wa besiboli aliyegunduliwa nao mwaka 1939 na kufariki mwaka 1941. Wengi huanzia mkononi au mguuni. Mimi ulinianzia kinywani. Walioongea nami kwa simu walidhani nimeamshwa usingizini. Halafu ulimi ukawa mzito kusukuma tonge, halafu maji yakaanza kunipalia. Watu hufikiri chakula kigumu ndicho kinachomsumbua mtu kama mimi. Kigumu kina shida zake, lakini maji ndiyo yanayonitisha, kwa kuwa yanapita upesi kuliko koo langu linavyoweza kujifunga, yakaingia njia ya pumzi. Glasi ya maji baridi, kitu nilichokunywa maisha yangu yote bila kufikiri, sasa naiangalia kwanza.

Habari zilipofika nyumbani, dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Kilindoni. Mpwa wetu mmoja alikuwa amesoma kwamba kuna kisiwa katika Pasifiki ambako watu walipata ugonjwa huuhuu kwa kula mbegu za mti wa jamaa ya mtapo. Dada alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Si ule uji wa bibi, mdogo wangu?" Nikasikia analia. Dada yangu ndiye aliyekuwa akimwaga maji ya mtungi asubuhi, kwa amri ya bibi. Alikuwa anauliza kuhusu bibi, na pia alikuwa anauliza kuhusu mikono yake mwenyewe.

Mwalimu wa historia akiulizwa swali la namna hiyo hana pa kukimbilia ila vitabu. Nikaanza kuisoma Guam.

Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Mariana, urefu wake kama kilomita 48, na wenyewe wa kisiwa ni Wachamoro. Wahispania walikita huko mwaka 1668. Merikebu zao zilizobeba fedha kutoka Acapulco kwenda Manila zilitia nanga Umatac, ghuba ndogo ya upande wa kusini magharibi, na kwa njia hiyo yakaja kutoka Mexico mahindi, jiwe la kusagia lenye miguu mitatu, na ufundi wa kuoka mikate bapa. Unga wa fadang ukaingia katika jiwe hilohilo na juu ya kikaango hichohicho. Mwaka 1898 Marekani ilikitwaa kisiwa, na jeshi lake la majini likakitawala mpaka Desemba 1941 Wajapani walipoingia. Hapo ndipo njaa ilipotua. Mchele ukawa wa askari, mashamba yakalimwa kwa ajili ya jeshi, na watu waliokimbilia porini wakala kile ambacho pori lilikuwa nacho. Fadang haikuhitaji kupandwa wala kupaliliwa. Wamarekani waliporudi Julai 1944, Wachamoro walikuwa wameitegemea kwa zaidi ya miaka miwili na nusu.

Mwaka 1945 daktari wa jeshi la majini la Marekani, Harry Zimmerman, aliona jambo lililomshangaza: wagonjwa wa ALS, ambao daktari wa kwao angeweza kumaliza miezi bila kukutana hata na mmoja, hapa walikuwa wengi. Mwaka 1954 Leonard Kurland na Donald Mulder walichapisha hesabu zao, na ikawa wazi kwamba Wachamoro walikuwa wakiupata ugonjwa huu mara 50 hadi 100 kuliko watu wa mahali pengine. Wanakijiji hawakuhitaji hesabu hizo. Walikuwa na jina lake, lytico, lililotokana na Kihispania, na walikuwa na jina la pili, bodig, kwa ugonjwa mwingine uliowakakamaza watu na kuwapotezea kumbukumbu. Ndani ya ukoo mmoja, huyu alishikwa na lytico na yule na bodig. Umatac ndipo palipoumia zaidi.

Madaktari wakaanza kutafuta chanzo. Walichunguza damu na koo za watu, walipasua maiti, walichora miti ya ukoo wakidhani ni urithi. Kurithi peke yake hakukuelea: watu kutoka Ufilipino waliohamia Guam na kukaa huko miaka mingi nao baadhi yao waliugua. Basi kulikuwa na kitu cha mahali, na macho yakageukia chungu.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii ni Marjorie Whiting, mtaalamu wa lishe aliyefika Guam mwaka 1954. Hakukaa ofisini akingoja watu waletwe. Alikaa na familia vijijini, akatazama fadang inavyookotwa, inavyokatwa, inalowekwa wapi na kwa muda gani, nani anabadili maji, nani anaonja. Alifanya alichopaswa kufanya kila mtu anayetaka kujua watu wanakula nini, nacho ni kuwauliza wapishi huku sufuria iko motoni. Mwaka 1963 alichapisha mapitio marefu ya sumu za miti ya jamaa hii na jinsi watu wa nchi mbalimbali duniani wanavyoila na kuitoa sumu. Nilipoyasoma maelezo ya kuloweka na kumwaga maji nilijiona niko uani kwa bibi. Wanawake wa pande mbili za dunia, wasiosikiana hata kwa uvumi, walikuwa wamefikia ufundi uleule, na wote waliufikia kwa sababu watoto wao walihitaji kula.

Maabara nazo zilifanya kazi yake. Sumu ya kwanza kupatikana katika mbegu hizi, saikasini, ilileta saratani kwa panya, lakini haikuwapooza kwa namna ya lytico. Mwaka 1967 Arthur Bell na mwenzake huko London walipata dutu nyingine, inayojulikana kwa herufi BMAA, na hii ikaonekana kuwa na uadui na neva. Mwaka 1987 Peter Spencer na wenzake walieleza katika jarida la Science jinsi nyani waliolishwa dutu hiyo walivyopoteza nguvu za viungo. Magazeti yakaipokea kwa kishindo. Chanzo kimepatikana, walisema.

Halafu watafiti wengine wakafanya jambo ambalo lingefaa lifanywe mwanzoni. Walichukua unga wenyewe, ulioandaliwa na wanawake wa Guam kwa njia yao ya kila siku, wakaupima. Sehemu kubwa ya BMAA ilikuwa imekwisha kuondoka na maji. Ili mtu apate kiasi walichopewa wale nyani angepaswa kula unga kwa wingi usiowezekana. Yaani yale maji yaliyomwagwa kila siku yalifanya kazi iliyokusudiwa. Niliposoma hapo nilimpigia dada simu usiku uleule, ingawa sauti yangu usiku haisikiki vizuri na mke wangu alilazimika kurudia maneno yangu.

Swali halikufa hapo. Mwaka 2002 Paul Cox na Oliver Sacks walitoa wazo jipya. Wachamoro walimpenda mno fanihi, popo mkubwa wa matunda. Walimchemsha mzima katika tui la nazi na kumla karibu wote, ngozi na manyoya pamoja, hasa penye sherehe. Popo huyo hula mbegu za fadang, walisema, na sumu hujikusanya katika mafuta yake; kwa hiyo aliyekwepa sumu ya unga aliipata kwa popo. Baada ya vita bunduki zilikuwa nyingi na popo wakapungua vibaya. Aina moja, ile ndogo, ilionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1968 na sasa imehesabiwa kuwa imetoweka. Kupungua kwa popo kulikwenda sambamba na kupungua kwa lytico, na hilo ndilo lililowavuta watu kwenye wazo hili. Mimi naliona ni wazo lenye akili nyingi lililosimama juu ya vipimo vichache mno, vya ngozi za zamani za makumbusho, na wapinzani wake wameeleza mapengo yake vya kutosha.

Lakini habari ya fanihi inanigusa kwa upande mwingine. Popo walipokwisha Guam, watu hawakuacha kuwatamani. Waliwaagiza kwa maelfu kutoka visiwa vingine vya Pasifiki, wakiwa wamegandishwa, mpaka mwaka 1989 biashara hiyo ilipobanwa na mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama walio hatarini. Kisiwa kilikuwa kimejaa nyama ya makopo na mchele wa meli, hakuna aliyekuwa na njaa, na bado watu walilipa pesa nyingi kwa ajili ya ladha moja. Kwetu Mafia wapo popo wa jamaa hiyo, nasi hatuwali. Pemba waliwindwa kwa nyama mpaka wakakaribia kwisha, na leo wanalindwa Kidike. Msomaji wa Pwani anaweza kukunja uso kwa habari ya popo katika tui. Na aweke pale ladha yake mwenyewe aliyokua nayo, pweza, au papa mkavu, au uduvi, kisha aambiwe hataipata tena.

Mimi najua hali hiyo ikoje. Tangu kinywa changu kianze kudhoofika, hamu zangu zimehama. Nilikuwa mtu wa chai ya maziwa yenye sukari nyingi, asubuhi na alasiri. Sasa maziwa yananiachia makamasi mazito kooni nisiyoweza kuyakohoa, na utamu wa sukari unakaa mdomoni muda mrefu kuliko ninavyoutaka. Dawa niliyopewa kupunguza udenda imeufanya ulimi ukauke, na chakula kisicho na mate hupoteza nusu ya ladha yake. Ninachokililia ni uchachu na ukali: ukwaju, embe bichi kwa chumvi na pilipili, achari ya ndimu, mchuzi wa samaki uliotiwa bilimbi. Mtaalamu wa lishe aliyeniona alisema si ajabu, maana kitu kichachu au cha baridi huliamsha koo na kulisaidia kumeza. Wapo wenzangu wenye ugonjwa huu wanaosema wao wamehamia kwenye utamu kabisa. Kila kinywa kinakwenda kwake.

Ninachokitamani kuliko vyote ni wali wa nazi, ule wa punje kuchambuka, nao ndio siuwezi. Punje hutawanyika mdomoni, ulimi hauwezi kuzikusanya, na moja ikishuka vibaya nakohoa mpaka machozi. Uji wa mtapo nao umerudi katika hamu zangu, baada ya miaka yote ile. Sikumwambia dada mara moja.

Sitaki mtu aniwekee maneno kwamba chakula hakiwezi kamwe kudhuru neva. Kinaweza, na ushahidi uko karibu nasi kuliko Guam. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika kuhusu watu wa Kwango, Kongo, waliolala wazima na kuamka miguu imekakamaa. Wenyeji waliiita konzo. Mwaka 1981 ukame ulipoikumba Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipatwa na hali hiyohiyo, wakaiita mantakassa. Katika miaka ya 1980 ikatokea Tarime, mkoani Mara. Chanzo chake kinajulikana: muhogo mchungu, ambao una sayanaidi, ukiliwa bila kulowekwa na kukaushwa vya kutosha, na watu wanaokosa samaki, nyama au maharage ambayo yangeusaidia mwili kuiondoa sumu hiyo. Waathirika wengi ni watoto na wanawake. Konzo hushika kwa ghafla, kisha husimama palepale. Haitambai mwaka hadi mwaka kama ALS. Na ukiitazama vizuri utaona kwamba akina mama wa Nampula na Tarime hawakuwa wajinga wa muhogo. Waliujua muda wake wa kulowekwa kama bibi alivyoujua wa mtapo. Ukame uliwanyima muda huo. Mtu mwenye watoto wanaolia leo hawezi kungoja wiki moja maji yafanye kazi, na maji yenyewe hayapo. Nikisoma kwamba lytico ilikuwa kali zaidi kwa kizazi kilichopita katika vita, nafikiri habari hiyohiyo, ingawa siwezi kuithibitisha na sitajifanya nimeithibitisha.

Maana chanzo cha lytico hakijafungwa mpaka leo. Ugonjwa wenyewe umepungua Guam tangu miaka ya 1960, na waliozaliwa baada ya vita ni nadra sana kuupata. Wengine wameyashuku maji ya kusini mwa kisiwa, yenye kalisi na magnesi kidogo na aluminiamu nyingi, kwa kuwa ugonjwa kama huo ulionekana pia katika rasi ya Kii, Japani, na kwa Waauyu na Wajakai wa Papua ya magharibi. Miti ya fadang nayo inakufa. Tangu mwaka 2003 inashambuliwa na kidudu kutoka Asia kinachofyonza majani yake. Watafiti walikuja, wakaondoka na damu na ubongo wa watu, wakaandika. Mimi nayaheshimu mengi waliyoyaandika. Ila katika kurasa nilizosoma nimekuta mara nyingi swali la mgonjwa alikula nini, na mara chache sana nimekuta swali la mgonjwa anatamani kula nini.

Swali hilo la pili lilianza kupata uzito madaktari walipogundua jambo ambalo jikoni lilijulikana, kwamba anayekonda anakwenda upesi. Mwili wenye ALS huunguza nguvu nyingi kuliko mtu anavyodhani, ingawa mwenyewe ameketi tu kitini, na huku kinywa kinaingiza kidogo. Kula kunachosha; mlo wangu wa mchana unaweza kuchukua saa nzima, na ninaacha kwa sababu nimechoka kutafuna, si kwa sababu nimeshiba. Mwaka 2014 jaribio dogo la Marekani lilionyesha kwamba wagonjwa waliopewa chakula chenye nguvu nyingi, hasa wanga, walikwenda vizuri kuliko wenzao. Mwaka 2020 Wajerumani walitoa matokeo ya jaribio la watu 201, baadhi yao wakiongezewa mafuta: kwa jumla hawakuona tofauti ya maisha, lakini wale ambao ugonjwa wao ulikuwa unakwenda kasi walionekana kufaidika. Kwa hiyo sisi ambao maisha yote tuliambiwa tupunguze mafuta tunaambiwa tuongeze.

Mke wangu alilipokea agizo hilo kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu hospitali. Alirudi kwenye bokoboko. Ngano na nyama hupikwa moto mdogo usiku kucha, hupondwa kwa mwiko mpaka nyuzi za nyama zipotee, kisha humiminiwa samli. Hakuna punje ya kutawanyika, hakuna maji ya kupalia. Mlenda nao unateleza vizuri, na mtori wa ndizi aliofundishwa na jirani yetu wa Moshi, na parachichi lililopondwa kwa ndimu. Supu ya pweza anaichemsha mpaka iwe nzito, anaichuja, anairudishia pweza aliyesagwa. Vyakula hivi havikubuniwa kwa ajili ya ALS. Ni vya harusi, vya mfungo, vya wazazi waliojifungua, vya wazee wasio na meno, na watu wa Pwani na wa bara wameviboresha kwa vizazi vingi.

Uko wakati ambao hata bokoboko halitapita, na mimi nautazama mbele yangu. Zamani mtu aliyefika hapo alikufa njaa. Charles Sédillot, wa Strasbourg, alijaribu mwaka 1849 kumtoboa mgonjwa tumbo ili amlishe moja kwa moja, na mgonjwa akafa. Miaka karibu thelathini ikapita kabla Verneuil wa Paris hajafanikiwa, mwaka 1876. Kwa karne nzima ilibaki operesheni nzito, ya kisu na nusukaputi. Tarehe 12 Juni 1979, huko Cleveland, Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky waliuweka mrija tumboni mwa mtoto mchanga bila kulipasua tumbo, wakisaidiwa na mrija wa kutazamia uliopitishwa mdomoni, na njia yao ndiyo inayotumika mpaka sasa. Nimeelezwa kwamba kwa mtu mwenye ALS ni heri uwekwe mapema, kabla uwezo wa kupumua haujashuka chini ya nusu. Nimekubali. Dada hakupenda. Alisema chakula kisichopita mdomoni si chakula, ni mafuta ya taa yanayotiwa kwenye kibatari.

Nilimjibu kwa habari ya mtu mmoja wa New York aliyejulikana kwa jina la Tom. Mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka tisa, Tom alimeza supu ya moto sana na umio lake likaziba moja kwa moja. Madaktari walimtoboa tumbo, naye akaishi hivyo mpaka utu uzima, akafanya kazi, akaoa. Katika miaka ya 1940 Stewart Wolf na Harold Wolff walimchunguza kwa muda mrefu ili wajue tumbo linavyofanya kazi, na waliandika kitabu juu yake. Waliyoyaona ndani ya tumbo ni mengi, lakini mimi nilishikwa na namna alivyokula. Tom hakukimiminia chakula tumboni hivihivi. Alikitia mdomoni kwanza, akakitafuna, akakionja mpaka akaridhika, ndipo akakitema katika faneli na kukipeleka tumboni. Alifanya hivyo kila mlo, maisha yake yote, kwa sababu bila kuonja hakuona kwamba amekula.

Dada aliisikiliza habari hiyo mpaka mwisho. Kisha akauliza kama huyo Tom alikuwa akionja kwa kijiko au kwa kidole, nikajua ameanza kupanga.

Sasa tuna mpango. Mrija utawekwa kabla ya mfungo ujao, Mungu akipenda. Dada atavuka kutoka Mafia aje akae nasi, na ameahidi kuleta pweza mkavu, ukwaju wa nyumbani na chupa ya achari. Siku ya kwanza watakayonilisha kwa mrija, mke wangu atapika supu ya pweza yenye ndimu na pilipili, na kabla haijaingia tumboni atanipaka kidogo ulimini kwa kijiko, niionje kwa muda nitakaoutaka mwenyewe, kisha niteme. Kuhusu mtapo, nilimwambia dada hatimaye kwamba nautamani. Aliniambia mbegu bado zinaanguka kule nyuma ya shamba la bibi na hakuna anayeziokota, na akataka kujua nakumbuka ni siku ngapi bibi alikuwa akibadili maji, kwa kuwa yeye anakumbuka kuyamwaga tu.